Jua Lina Saa Zake, Maji Yana Zake

Kila anayeanza kupiga picha za mandhari huambiwa neno lile lile: amka alfajiri, toka tena magharibi, mchana kamera ibaki ndani. Kwa bara ni ushauri mzuri. Kwa mtu anayetoka na kamera pwani ya mashariki ya Unguja, kuanzia Bwejuu hadi Jambiani, ushauri huo ukifuatwa neno kwa neno utamkosesha nusu ya maisha ya pale. Kazi kubwa za pwani ile hazingoji jua liwe zuri. Zinangoja maji yatoke, na maji ya bamvua, yale ya kupwa na kujaa kwingi, hutoka kabisa mnamo saa 4 asubuhi, jua limeshakuwa kali.

Bahari hupwa mara mbili na kujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kuliko jana kwa dakika 50 hivi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, tofauti kati ya kupwa na kujaa huwa kubwa: hilo ndilo bamvua, na Unguja tofauti hiyo hukaribia mita 4. Katikati yake, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu. Bahari husogea kidogo tu. Haya kila mtoto wa pwani anayajua. Ambalo wapigapicha wengi hawalizingatii ni kwamba saa za bamvua hazibadiliki sana mwaka mzima. Siku za mwezi mpevu maji hujaa mnamo saa 10, alfajiri na alasiri, na hupwa mnamo saa 4, asubuhi na usiku. Kwa hiyo kupwa kwa mwisho kabisa, kule kunakoacha mchanga mtupu mpaka karibu na mwamba, hakukutani na mapambazuko hata siku moja. Mwenye kutaka ufuo mkavu wakati jua linachomoza ataupata siku za maji mafu, na hapo hautakuwa mkavu hasa.

Hesabu rahisi ni ya tarehe za mwezi mwandamo, ileile ya wavuvi: mwezi 1 ni siku unapoandama. Mwezi 1 hadi 3, na tena mwezi 15 hadi 17, ni siku za mwani na pweza: uwe ufuoni saa 2 na nusu asubuhi, ukae mpaka saa 6. Mwezi 2 hadi 4, na 16 hadi 18, maji hujaa mnamo saa 11 hadi 12 jioni, nazo ndizo jioni za Forodhani, ufuoni mwa Mji Mkongwe, upande wa magharibi, bahari ikipiga ukutani na jua likizama. Mwezi 9 au 10, na 23 au 24, maji hupwa karibu na saa 12 asubuhi, na tena karibu na saa 12 jioni. Siku hizo piga ngalawa zilizolala mchangani na vidimbwi vinavyoakisi mawingu. Hesabu hii hukosea siku moja huku au huku, hivyo thibitisha kwa jedwali la maji la bandari ya Zanzibar kabla ya kupanda daladala. Halafu angalia saa: majedwali na programu za simu huandika kwa mtindo wa saa 24. Ukiona 10:14, hiyo ni saa 4 na dakika 14. Watu wanaozungumza Kiswahili kutwa nzima bado hujichanganya hapa, wakafika saa 10 alasiri wakakuta bahari imejaa pomoni.

Tuanze na mwani, maana hapo ndipo pana kazi. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, kwenye vijiji vya Paje na Jambiani, na wakulima wengi ni wanawake. Shamba ni vigingi vilivyopigwa mchangani kwa mistari, kamba zimetandazwa baina yake, na vipande vya mwani vimefungwa kwenye kamba. Baada ya wiki 6 hivi huvunwa, hupakiwa kwenye magunia na kuanikwa. Mpigapicha afahamu mwendo wa kazi yenyewe, kwa sababu kila hatua ina picha yake. Maji yakiwa bado magotini wanawake huenda kwa kundi, kamba na vigingi mkononi au kichwani. Maji yakishatoka wanachuchumaa, wanafunga na kufungua, na hapo nyuso huinama na mikono ndiyo husema. Maji yakianza kurudi huburuta magunia kuelekea nchi kavu, na gunia lililolowa ni zito, mwili mzima unaonyesha. Wengi hupiga ile hatua ya pili tu kisha wakarudi hotelini. Hatua ya tatu ndiyo yenye nguvu zaidi, na mwanga wake si mbaya kama unavyodhaniwa.

Jua la saa 4 liko juu, kimo cha nyuzi 50 hivi. Mjini jua hilo hutia weusi kwenye macho na chini ya pua. Ufuoni ni tofauti, kwa kuwa mchanga wa pale ni mweupe kama unga, nao hurudisha mwanga kutoka chini. Uso ulioinama chini ya mtandio hupata nuru ya mchanga kama vile mtu ameshikiwa ubao mweupe. Ndiyo maana picha ya mkulima aliyesimama kwenye mchanga mkavu huwa na uso laini, na ya yule aliyesimama ndani ya maji yenye mwani mweusi huwa na uso mzito. Ukiweza kuchagua, ngoja apite kwenye mchanga.

Mahali pa kusimama pia pana hesabu. Ukitoka kijijini na kutazama baharini saa hizo, unatazama mashariki, jua liko mbele yako, maji yote yanang'aa kama bati. Zunguka: tembea mpaka uwapite wanaofanya kazi, kisha geuka utazame nchi kavu. Sasa jua liko mgongoni mwako, minazi na nyumba ziko nyuma ya picha, na rangi za kanga zinaonekana. Au utazame ubavuni, kaskazini kuelekea Bwejuu au kusini kuelekea Jambiani kama uko Paje. Upande huo ndio wa kutumia filta ya polaraiza, kioo cha kukata mng'aro, ambayo hufanya kazi vizuri zaidi ukiwa umelipa jua ubavu. Ielekeze kamera chini kidogo, kama nyuzi 35 hadi 40 kutoka usawa wa macho, kisha zungusha filta polepole. Mng'aro wa maji utapotea, na kamba, vigingi na mwani vitaonekana mpaka chini. Filta hiyo hula mwanga stopu 1 na nusu hadi 2 (kila stopu 1 ni mwanga kupungua nusu au kuongezeka mara mbili). Kwa jua kamili, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 100, tundu la lenzi la f/8, shata (kasi ya kufunguka na kufunga, kwa sehemu za sekunde) itashuka kutoka 1/500 hadi 1/125. Kwa mtu anayetembea hiyo ni ndogo. Panda ISO 200 upate 1/250. Na usiitumie kwenye lenzi pana kuliko milimita 24 ukiwa unapiga anga, maana anga litakuwa na doa jeusi upande mmoja, doa ambalo kulifuta kwenye kompyuta ni mateso. Wenye simu waweke kioo cha miwani ya jua ya aina hiyo mbele ya lenzi, wakizungushe vivyo hivyo. Inafanya kazi.

Mwanga wenyewe upimeje? Kamera huamini kwamba dunia yote ni kijivu cha wastani. Ikiona mchanga mweupe, huutia giza mpaka ufanane na saruji, na uso wa mtu aliye mbele yake huwa mweusi tititi. Ongeza stopu 0.7 hadi 1, kisha angalia histogramu, ule mchoro wa giza na mwanga kwenye kioo cha kamera: mlima ukigusa ukuta wa kulia, mchanga umeungua, shusha. Upande wa pili wa kosa hutokea ukipima usoni moja kwa moja. Hapo kamera itataka kuifanya ngozi nyeusi kuwa kijivu, na mtu atatoka kama amepakwa majivu. Ukipima usoni, shusha stopu 1 hivi. Makosa haya mawili ndiyo yanayoharibu picha nyingi za watu wa pwani zinazosambazwa mtandaoni, na haihitajiki kamera ya bei kuyaepuka. Kwa simu, bonyeza uso kwenye kioo na ushikilie mpaka fokasi na mwanga vifungwe, kisha teleza kidole kurekebisha.

Neno dogo kuhusu kanga. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Mpigapicha anayekata jina katikati amekata alichokusudia mvaaji, na msomaji wa Kiswahili ataliona pengo hilo kabla hajaona mwani. Kama jina linasomeka, liache lote ndani ya picha au lifiche kabisa.

Sasa habari ya usalama, ambayo kwenye mafunzo ya kupiga picha haimo. Maji ya bamvua hayarudi kwa mwendo mmoja. Kuna kanuni ya mabaharia: gawa kimo chote cha maji mafungu 12. Katika saa 6 za kujaa, saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kama tofauti ya siku hiyo ni mita 3.6, saa ya kwanza utaona sentimita 30 tu na utajidanganya kwamba muda bado upo. Saa ya tatu zitapanda sentimita 90. Tena maji hayaji mbele yako tu. Hujaza kwanza mikondo iliyo nyuma, kati ya fungu la mchanga ulilosimama na ufuo. Mwenye stendi ya kamera, mkoba na lenzi mbili akijikuta amezungukwa na maji ya kiunoni, hatapoteza roho pengine, ila kamera ataipoteza. Wakulima wakianza kuondoka, ondoka. Vaa viatu vya mpira vyenye soli nene kwa ajili ya miiba na mawe ya matumbawe, na mkoba uwe wa kuvaa mgongoni, usiwe wa kutua chini, kwa sababu chini ni maji ya chumvi kila mahali.

Kuomba ruhusa ni sehemu ya ufundi. Salamu hutangulia, kamera ikiwa mkobani: shikamoo kwa mkubwa, habari za kazi kwa kundi. Akina mama wa mwani wamepigwa picha na wageni miaka mingi, picha zikaenda zao na hazikurudi. Wengine watakataa, na hapo mazungumzo yamekwisha. Wengine watakubali mikono na kazi, bila uso. Hiyo huwa picha nzuri pia, lenzi ya milimita 50 au 85 ikitazama karibu. Mtoto aombewe kwa mzazi wake. Na usipige mtu aliyelowa nguo zikamganda mwilini, hata kama mwanga ni wa ajabu.

Jioni ya magharibi ni kazi nyingine kabisa, ya haraka. Karibu na ikweta jua hushuka wima, nyuzi 15 kwa saa. Nyosha mkono, kunja ngumi: ngumi moja ni nyuzi 10 hivi, yaani dakika 40. Jua likiwa ngumi moja juu ya maji uwe umeshachagua mahali. Ile nuru ya dhahabu inayosifiwa hudumu chini ya nusu saa, na baada ya jua kuzama una dakika 20 hivi za anga la buluu kabla ya giza. Unguja jua huzama kati ya saa 12 na robo na saa 12 na dakika 45 hivi, kutegemea mwezi wa mwaka, na hubadili mahali: Juni huzama kaskazini ya magharibi, Desemba kusini yake. Aliyepata jua nyuma ya ngalawa fulani mwezi wa sita asitarajie kulikuta hapo mwezi wa kumi na mbili. Hata upande wa mashariki kuna Michamvi Kae, ambako rasi imejikunja na ufuo hutazama magharibi, kwa wasiotaka kurudi mjini.

Forodhani vijana hujirusha baharini kutoka ukutani maji yakiwa yamejaa. Simama ubavuni, si nyuma yao, ili mikono na miguu iachane na kiwiliwili. Mtu aliyejikunja kama mpira huwa doa tu. Weka fokasi kwenye ukingo wanapoondokea, ifunge, shata 1/1000, tundu f/8, ISO 200, na upime anga pembeni mwa jua, si jua lenyewe. Watakuwa vivuli vyeusi juu ya rangi, na ndivyo itakiwavyo. Simu zenye HDR (ile ya kusawazisha giza na mwanga) ya kujiwasha zitajaribu kukuokoa kwa kung'arisha vivuli hivyo, na matokeo yake ni watu wa kijivu juu ya anga lililopauka, izime. Ngalawa na mashua zikipita, subiri tanga lijae upepo na liachane na mlingoti wa chombo kingine. Vyombo viwili vilivyopandana huonekana kama kimoja kibovu. Lenzi ya milimita 200 inatosha.

Ukitaka maji yawe kama moshi, jua likishazama, weka stendi, ISO 100, f/11, na filta nyeusi ya stopu 6. Shata ya 1/15 itakuwa sekunde 4. Lakini usiweke chombo kilichotia nanga ndani ya picha hiyo, hakitatulia hata sekunde 1. Miguu ya stendi izamishe mchangani kwa nguvu kabla ya kupanga picha. Usipofanya hivyo, wimbi la kwanza litachimba chini yake na stendi itainama polepole bila wewe kugundua, mpaka nyumbani utakapoona upeo wa bahari umelala upande. Kwa mandhari pana yenye kitu cha karibu, lenzi ya milimita 24 kwenye sensa kubwa, f/11, weka fokasi mita 1.75: kila kitu kuanzia sentimita 90 hivi hadi mwisho wa macho kitakuwa kikali. Kufunga tundu mpaka f/22 kwa kudhani utapata zaidi ni kujiharibia. Picha nzima hulainika.

Usiku, kwenye meza za urojo na mishkaki, taa za umeme huweka mistari myeusi kwenye picha. Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo shata ya 1/50 au 1/100 mara nyingi huiondoa.

Vichochoro vya Mji Mkongwe havihitaji alfajiri wala magharibi. Kati ya saa 4 na saa 6 jua hupiga sehemu za juu za kuta za chokaa, likarudi chini likiwa limelainika, na kichochoro kizima kuwa kama chumba chenye dirisha kubwa. Lenzi ya milimita 28 au 35, f/4, 1/250, ISO 800 inatosha. Epuka pale mwale wa jua unapokata njia. Tofauti ni kubwa mno. Kanzu nyeupe ya Ijumaa ina tabia ileile ya mchanga, ongeza stopu 0.7. Aliyepata nafasi apitie Capital Art Studio, Barabara ya Kenyatta, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, atazame picha za mitaa hiyohiyo zilizopigwa mtu akiwa hana la ajabu la kupiga: duka, baiskeli, gati. Beit al-Ajaib, lile Jumba la Maajabu la Forodhani, ilionekana kwenye picha za kila siku kama ukuta wa nyuma tu, mpaka sehemu yake ilipoanguka tarehe 25 Desemba 2020. Kwa wenye droni: hairuhusiwi kuirusha bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kibali kiombwe mapema.

Lililobaki ni chumvi na unyevu, maadui wa kweli wa kamera ya pwani. Kamera iliyolala kwenye chumba chenye kiyoyozi ikitolewa nje ghafla, lenzi hupata ukungu papo hapo. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki ungali ndani, itoe ikiwa mfukoni, ngoja dakika 30. Kuifuta hakusaidii, ukungu unarudi. Wakati wa kusi upande wa mashariki huwa na upepo wenye rasharasha ya chumvi: usibadili lenzi ufuoni, na ukirudi futa mwili wa kamera kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kikakamuliwa, kisha kikavu. Kioo cha lenzi puliza kwanza. Chumvi ikikauka ni punje kali, ukisugua umekwaruza. Stendi ifunguliwe vipande vyote vya miguu, isuuzwe kwa maji baridi, ikauke ikiwa wazi. Ile inayofungwa na chumvi ndani huganda baada ya bamvua mbili tatu.

Lenzi inayokaa kabatini pwani huota ukungu ndani ya vioo, nyuzi nyeupe kama buibui, na fundi wa kuutoa ni ghali kuliko lenzi nyingi. Nunua ndoo au kisanduku cha plastiki chenye mfuniko wa mpira, chembe za silika za kunyonya unyevu, na kipimo kidogo cha unyevu. Kipimo kisome asilimia 40 hadi 50. Kikipita 60, chembe zimelewa maji, zikaushe kwenye oveni ya nyuzi 120 kwa saa 2 au kwenye kikaango kikavu juu ya moto mdogo. Mchele usitumie, una vumbi.

Baada ya hapo chagua picha 5 au 6 za waliokubali kupigwa, zichapishe inchi 4 kwa 6 kwenye karatasi isiyong'aa, maana inayong'aa hunata ikiguswa na mkono wenye maji. Andika nyuma kwa penseli kijiji na mwezi ngapi mwandamo. Bamvua lijalo ni siku 14 au 15 mbele, saa 4 asubuhi, watu walewale watakuwa kwenye mashamba yaleyale.